Mwacheni

Mama mkwe wangu anauza matumbo Dagoretti, karibu na machinjio, na ana hadithi moja ambayo hawezi kuona mgeni asimpe. Ni hadithi yangu. Huisimulia akiwa amesimama, mwiko mkononi, kwa sababu kuna mahali inambidi aige sauti yangu, na sisi Waluhya sauti zetu huigwa hata na watoto.

"Daktari akamuuliza, huyu mtoto tuendelee na mashine ama tumwache? Huyu bwana akasema, Mwacheni! Daktari wa watu akashtuka, karibu atoe mipira ya kupumulia. Kumbe alikuwa anamaanisha mwacheni hapo hapo kwa mashine, msimguse!"

Wageni hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia hucheka. Nimeicheka hadithi hiyo kwa miaka saba, na kwa miaka hiyo yote nimejua kwamba si kweli.

Ilikuwa hivi. Mimi ni fundi wa mabomba. Siku mtoto alipozaliwa nilikuwa Loresho, kichwa changu kimo chini ya sinki la watu, simu ikaniita kutoka hospitali mjini. Presha ya mke wangu ilikuwa imepanda kiasi kwamba madaktari waliona wakingoja watawapoteza wote wawili, yeye na mtoto. Mimba ilikuwa na wiki ishirini na tano. Walimpasua kabla sijafika. Mtoto alitoka na gramu mia saba na hamsini. Nina spana inayomzidi uzito, na nawaomba msamaha wanaotaka nilinganishe mwanangu na kitu kizuri zaidi, lakini spana ndiyo iliyonijia.

Siku nne za kwanza sikuelewa kitu. Nilisimama, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Mke wangu alikuwa wodini orofa ya chini, presha bado haijashuka, haruhusiwi kupanda kumwona mtoto. Alikuwa akikamua maziwa kila baada ya saa tatu, matone tu, nami nayapeleka juu ndani ya bomba la sindano nimelifumbata kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Siku ya tano asubuhi daktari wa watoto alinikuta kwenye korido. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu vya plastiki. Hakuzunguka mbuyu.

"Baba, mapafu yake hayafunguki vile tulikuwa tunataka. Na picha ya kichwa imeonyesha damu kidogo. Tuko na njia mbili. Tunaweza endelea na mashine, tuone. Anaweza pona kabisa. Anaweza pona na akuwe na shida ya macho ama ya kutembea. Anaweza kosa kupona. Mimi siwezi kukuahidi kitu. Ama tumwache. Tunatoa mpira, mama analetwa, anamshika kifuani, tunahakikisha hasikii uchungu mpaka aende. Hapa hakuna jibu mbaya. Nyinyi ndio wazazi. Tuendelee ama tumwache?"

Nikasema, "Mwacheni."

Nililisema nikijua maana yake. Sikuteleza ulimi. Niliogopa, basi. Nilimwogopa yule mtoto mwenyewe, ngozi yake iliyokuwa bado haijaamua kuwa ngozi, na mipira iliyokuwa minene kuliko vidole vyake. Niliogopa kwamba mke wangu angemlea kitandani miaka ishirini, na mimi ningekuwa naondoka kila asubuhi na mkoba wangu wa vifaa nikishukuru kwamba nina pa kwenda. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

Daktari hakuandika. Aliniangalia.

"Umekula leo?"

"Bado."

"Jana?"

Sikukumbuka.

"Enda ukule kitu. Ukae chini. Saa tisa nitakuuliza tena. Mimi siandiki jibu ya mtu amesimama."

Nilikasirika sana. Mtu umejikaza, umelitoa neno zito kama lile, halafu unaambiwa ukalirudie kama mtoto wa shule aliyekosea hesabu! Nilishuka ngazi nikimsema moyoni, nikavuka barabara hadi kwenye kibanda, nikaagiza chapati na maharagwe ya madondo. Nilikula chapati tatu nikiwa na hasira. Aibu ilinipata kwenye ya tatu, nilipogundua kwamba ni tamu.

Niliporudi sikwenda kwa mke wangu. Nilipanda juu kwa mtoto. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, muuguzi akaniambia sijanawa, nikanawa tena. Alikuwa anambadilisha nepi, kijipande cha pamba ambacho kingetosha kufunga kidonda cha kidole. Alipoifungua tu, mkojo ukaruka ukamlowesha glavu mpaka kwenye kifundo.

"Ona huyu kijana! Huna heshima!" akasema, huku anacheka. "Baba, unaona? Figo ziko sawa kabisa. Jana pia alinikojolea hivi hivi." Akaiweka ile pamba juu ya mizani ndogo, akaandika uzito wake kwenye karatasi kwa furaha ya mwalimu anayeandika alama za mtoto aliyepita.

Nilisimama pale nikajikuta najivuna. Nilijivunia mkojo! Katika kazi yangu, maji yakiingia na yakatoka, hiyo nyumba inakalika, mengine yote ni ukarabati. Hiyo ndiyo sababu iliyonigeuza. Nimetafuta sababu yenye heshima zaidi, ya kusimulia kanisani, sijaipata.

Saa tisa daktari alikuja, akaketi kwenye benchi kando yangu. "Haya, baba. Tufanye nini?"

"Endeleeni," nikasema. Halafu haya zikanishika, haya za kuwa mzazi aliyemkataa mwanawe saa nne asubuhi akamkubali saa tisa. Nikaongeza haraka, "Hata asubuhi nilimaanisha hivyo. Mwacheni pale kwa mashine. Hamkunielewa."

Alinitazama kidogo. "Sawa, baba," akasema, akaandika.

Jioni hiyo nilimsimulia mke wangu huo uongo kama kichekesho, mama mkwe akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mke wangu hakuwa amecheka tangu mtoto azaliwe. Alicheka huku ameshika mshono, akaniomba ninyamaze maana anaumia, kisha akalia. Nilifikiri analia kwa sababu ya mshono. Mama mkwe naye alikwishaibeba hadithi, na kesho yake ilikuwa imefika Dagoretti.

Tulikaa hospitali zaidi ya miezi mitatu. Sitaieleza yote. Kulikuwa na siku za gramu kumi mbele na siku za gramu ishirini nyuma, na majuma ambayo mke wangu alimvaa mtoto kifuani ndani ya leso kutwa nzima, mimi nikipokea zamu nikiwa kifua wazi mbele ya mama za watu.

Lakini kuna wazazi wawili lazima niwataje. Binti yao alikuwa kwenye kitanda cha pili kutoka chetu. Waliulizwa swali lile lile, wakaulizwa tena wakiwa wameketi, na mara zote mbili wakasema mwacheni. Wauguzi walivuta pazia. Mama alimshika binti yake mchana mzima, akimwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kwao, na baba alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ile kofia ndogo. Walikuwa watu wa sala kutuzidi sisi. Ndiyo maana mtu akiniambia kanisani kwamba imani yetu ndiyo iliyomponya mtoto, mimi hupandwa na hasira na mke wangu hunikanyaga mguu. Wale walimpenda binti yao na waliamua vyema. Sisi pia tuliamua vyema. Sijui zaidi ya hapo.

Kijana wetu sasa ana miaka saba. Anavaa miwani minene, anakimbia kama anayetafuta kitu alichoangusha, na anauliza maswali mpaka maji ya chai yakauke jikoni. Nina furaha naye. Nalisema wazi kwa sababu sisi wanaume tunapenda kulizunguka.

Jumapili moja, miezi michache iliyopita, tulikuwa Dagoretti kwa chakula cha mchana. Wageni walikuwepo, kwa hiyo hadithi ikasimuliwa, mwiko hewani. Watu walipokwisha kucheka, kijana akaweka chini mfupa aliokuwa anauguguna.

"Baba, walikuwa wanataka kuniacha wapi?"

Wageni wakacheka tena, zaidi. Mimi sikuweza.

"Hospitali," nikasema.

"Peke yangu?"

"Hapana. Na mama."

Alifikiri. "Ah. Basi hiyo ni sawa," akasema, akarudia mfupa wake.

Tulirudi nyumbani Riruta kabla ya jua kuzama. Kijana akakimbilia wenzake uani mwa ploti. Mke wangu alikuwa anaanua nguo, mimi namshikia beseni, na nikaona nisipolisema siku hiyo nitalibeba mpaka kaburini. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mama yake anasimulia uongo wangu, kwamba niliposema mwacheni nilimaanisha waachane naye, afe.

Hakugeuka. Alitoa kibanio, akakunja shati la shule, akaliweka kwenye beseni.

"Wewe daktari alikuuliza saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

"Mimi aliniuliza saa tatu," akasema. "Alianza na mimi, chini kwa wodi. Nikamwambia amwache."

Beseni lilikuwa mikononi mwangu na sikujua pa kuliweka.

"Alirudi saa nane," akaendelea, "akanikuta nakamua maziwa. Nikamwambia sasa nakamulia nani, kama si yeye. Endeleeni. Halafu jioni ukaja na hiyo story yako, kila mtu akacheka, nikajua wewe hukuwahi kumkataa hata dakika moja. Ni mimi tu. Ningekuambia aje?"

Tukasimama pale kati ya shuka zenye unyevu, watu wazima wawili waliomwonea haya mtoto mmoja kwa miaka saba, kila mmoja kivyake. Kisha tukaanza kucheka, na safari hii hakuna aliyekuwa na mshono. Yule daktari alilisikia neno lile mara mbili asubuhi moja, kwa baba na kwa mama, na bado alirudi kuuliza.