Siku Kukhu Alipokataa Kumtaja Afande

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kisimani, mlimani kwetu juu ya Mbale, hakuna mtu aliyekula asali kabla nyuki hawajaambiwa jina lake. Mnaweza kucheka. Wapangaji wenzangu hapa Namakwekwe, mjini Mbale, hucheka mpaka wanashika mbavu nikiwasimulia, na mimi huwaacha kwanza, maana kisa hiki kinachekesha mpaka mahali fulani. Baada ya hapo hakichekeshi tena, na anayeendelea kucheka namkasirikia kwelikweli.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimasaba, alikuwa mama wa baba yangu. Babu alipokufa alimwachia shamba dogo la kahawa na mizinga ya magogo iliyokaa juu ya miti yenye panda, nyuma ya migomba. Mwanamke wa kwetu hakuruhusiwa kufungua mzinga. Kukhu akafungua. Wenzake walinong'ona kisimani kwamba ameanza kuota ndevu, na mmoja akaapa kwamba amemwona akinyoa. Mimi, kwa udaku wangu ambao sikuuanza leo, nilikichunguza kidevu chake alipolala mchana. Hakikuwa na kitu.

Nilikuwa nimeletwa kwake kutoka Jinja. Baba alifanya kazi kiwandani, tukapanga chumba Mafubira, na miaka ile ya utawala wa jeshi baba alianza kuogopa: jirani anatoka asubuhi kwenda kazini, jioni mkewe anabaki amesimama mlangoni. Akaona afadhali niende mlimani. Nilikwenda na Kiswahili changu cha Mafubira, nilichookota kwa watoto wa askari na kwa madereva wa Kenya. Kule mlimani hakuna aliyekitaka. Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Ukikisikia barabarani, unaingia kwenye migomba na kunyamaza.

Sasa, kuvuna asali si kazi. Kazi inakuja baada ya kuvuna. Mvua za mlimani zikianza, baridi inashuka, ukungu unakaa juu ya paa siku nzima, na nyuki hawatoki. Watakula nini humo ndani? Kwa hiyo Kukhu hakugusa masega ya nyuma. Hayo yalikuwa chakula chao cha mvua. Baba mdogo Mafabi, kitinda mimba wake, ndiye aliyemsaidia. Alikuwa kijana wa mzaha, mwenye kuimba akivuna. Nyuki wakimchoma sikio, anakuja kunionyesha: "Nambozo, tazama, sikio langu limenona kuliko kuku wa sikukuu."

Wawili hao walikanda kinyesi cha ng'ombe na majivu wakaziba kila ufa. Tundu la kuingilia walilipunguza kwa udongo mpaka likabaki la kupita nyuki wachache. Juu ya gogo waliweka maganda makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, maji yateleze. Chini, kuzunguka miti ile, walifyeka majani na kumwaga majivu ili siafu wasipande. Nilibeba majivu. Ndiyo maana nayajua haya.

Na kabla ya kuziba mzinga wa mwisho, Kukhu aliweka mdomo karibu na tundu akawatajia nyuki walaji. "Atakula Mafabi. Atakula Nambozo, mtoto wa mjini, mchokozi lakini wetu. Atakula Wamimbi, mlafi, lakini ni jirani." Ambaye hakutajwa akila, nyuki watamtafuta kwa harufu mpaka wampate. Hatukuliona jambo hili kuwa la ajabu. Lilikuwa kama kusema moto unaunguza.

Huyo Wamimbi mkumbukeni. Alikaa ng'ambo ya kijito chetu. Aliwahi kuwapikia askari, akajua Kiswahili, na siku zile alikuwa mtu wa kuwaonyesha njia wakija mlimani. Asali yetu alikuwa ameshakula, bakuli zima, akalamba na kidole.

Sukari ilikuwa imepotea madukani. Mbale hakuna, Jinja yenyewe penye mashamba ya miwa hakuna. Ukiipata, umeipata kwa magendo. Watu walikunywa chai ya chumvi. Kisha askari nao wakaanza kutamani utamu, na Wamimbi, badala ya kutafuna ulimi wake, akasema kwa mwanamke fulani kuna asali.

Walikuja mchana, mvua ya rasharasha ikinyesha. Gari lilikwama chini, wakapanda kwa miguu: afande mmoja mnene na askari wake, na Wamimbi mbele akiwafungulia njia kwenye migomba kama bwana harusi.

"Mama, asali iko wapi?" afande aliuliza.

Kukhu hakujua Kiswahili. Wamimbi akatafsiri. Kukhu akajifuta mikono kwenye kanga na kujibu taratibu, kwa Kimasaba chake: "Mwambie tuliyovuna imeshagawiwa. Iliyomo mizingani ni chakula chao cha mvua. Tena yeye hajatajwa. Akila, watamtafuta."

Alisema hayo tu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikasikia kila neno.

Wamimbi akamgeukia afande. "Anasema ukigusa asali yake, afande, atatuma nyuki mpaka nyumbani kwako Jinja wakuue."

"Kukhu hakusema hivyo!" nilipiga kelele kwa Kiswahili.

Askari wakashtuka, mmoja akacheka. "Eh! Haka katoto kanajua Kiswahili!"

Wamimbi alinizaba kofi nikaona nyota mchana. "Wa mjini huyo, afande. Hana adabu."

Hata leo nikikaa peke yangu nalisikia kofi lile, na bado ningependa kulirudisha. Si kwa ajili ya shavu langu. Nilijua wakati uleule alichofanya: alitia chumvi ili aonekane ana habari kubwa. Mimi mwenyewe napenda umbeya, sitaficha, umbeya ndio unaonipa usingizi mzuri. Lakini kuna wa kumchekesha mtu na kuna wa kumpeleka mtu kaburini, na mtu mzima anajua tofauti.

Afande hakucheka. Mtu yule mnene, mwenye bunduki upande huu na huu, aliogopa. Niliona akitazama mizinga, kisha anga, kisha mizinga.

"Mwambie anitaje," alisema. "Sasa hivi."

Wamimbi akatafsiri. Kukhu akamtazama afande kuanzia viatu hadi kofia. "Nawataja watu wa nyumbani kwangu. Huyu simjui."

Safari hii Wamimbi hakuongeza kitu. "Amekataa, afande."

"Basi kijana wake atakwenda na mimi. Nyuki wakija kwangu, atajibu yeye."

Askari hawakuthubutu kusogea mizingani, mashujaa wale. Walisimama mbali wakamwelekezea Baba mdogo Mafabi bunduki, yeye afungue. Akabandua udongo tuliokuwa tumeukanda. Akatoa masega. Alipojaribu kuacha moja ndani, mmoja akafoka: "Yote! Toa yote!" Akatoa yote, hata yale yenye watoto wa nyuki, meupe kama maziwa. Mvua ikaingia ndani ya magogo wazi. Nyuki hawakuwachoma askari. Walilowa, wakaning'inia kwenye maganda ya migomba, na wengine wakaanguka kwenye majivu yangu.

Baba mdogo alipita karibu yangu akiwa na debe kichwani. "Shavu lako limenona," akaniambia. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake.

Asubuhi yake Kukhu alitoka bila kunywa chai. Nilimfuata. Aliinama kwenye mzinga wa kwanza, akaweka mdomo kwenye tundu, na kwa sauti yenye hasira kiasi kwamba nilirudi nyuma, akamtaja afande. "Afande yule naye atakula. Ni wa hapa. Mwacheni. Mmesikia? Mwacheni!" Akaenda wa pili, akasema vilevile. Kisha akasimama, akagonga gogo kwa ngumi, akasikiliza. Hakukuwa na mvumo. Nyuki walionusurika walikuwa wameondoka. Wangekaa kwa chakula gani? Aliyekataa kusema jina lile mbele ya bunduki alikuwa analisema sasa, na hakukuwa na wa kumsikia.

Hakulia. Alichukua kanga nyingine, akaniambia, "Twende Jinja. Wewe utakuwa mdomo wangu."

Basi lilisimamishwa njiani mara nyingi, watu wakishushwa na kupekuliwa. Tulifikia kwa baba Mafubira. Baba aliposikia, alikaa kitandani akashika kichwa, kisha akatuelekeza kwa Mama Achieng, Mkenya aliyeuza mandazi karibu na nyumba za maofisa, mwanamke aliyejua hata nani amegombana na mkewe. Baba mwenyewe hakuweza kwenda kuuliza. Mwanamume akiuliza habari za mtu aliyechukuliwa, naye anachukuliwa.

Mama Achieng alikuwa akigeuza mandazi. Nilipomwambia tunamtafuta kijana aliyekuja na asali kutoka Mbale, alianza kucheka kabla hajajizuia.

"Mnaulizia asali? Haki, sijaona kitu kama kile! Waliimwaga kwenye sufuria na mabeseni, wakayapanga hapo barazani, wazi kabisa, kila mtu achovye mkono. Kesho yake jua likatoka kidogo. Mama yangu! Nyuki walikuja kama moshi. Afande ametoka bafuni na taulo, taulo likabaki mlangoni, yeye akaingia kwenye pipa la maji! Uso ulivimba hata mkewe akamuuliza, wewe ni nani?"

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka, hata askari aliyepita barabarani alikuwa akitabasamu. Kukhu akanishika bega. "Anasema nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Yeye hakucheka. "Muulize, Mafabi yuko wapi?"

Nikauliza. Mama Achieng akaacha kugeuza mandazi, yakaanza kuungua, asijali.

"Yule kijana wenu alisema wafunike. Tangu alipofika. Alisema, funikeni, nyuki wa hapa nao wana njaa, wananusa. Wakamwambia, wewe nani wa kutuamrisha? Baada ya nyuki kuja, walimpakia kwenye gari." Alitazama kushoto na kulia. "Usiniulize gari lilikwenda wapi, mtoto. Mwambie bibi yako arudi nyumbani. Asiulize kwa mwingine."

Hayo nayo niliyatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza, ingawa nilitamani sana kupunguza. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru Mama Achieng kwa mikono miwili, na tukaondoka. Baba mdogo Mafabi hakurudi. Hatukupewa mwili wa kuzika, na hakuna aliyetuambia chochote tangu siku ile.

Mlimani habari ilifika ikiwa nusu. Ilifika na pipa, ikafika na taulo, na uso uliovimba. Watu walifurahi! Walisema onyo la Kukhu limetimia, nyuki wa Masaaba, mlima wetu, wametembea mpaka Jinja kumlipiza mwizi. Wamimbi ndiye aliyeisimulia kuliko wote, kwenye mitungi ya pombe, mrija mdomoni, na kila mwaka nyuki waliongezeka. Alizeeka vizuri, huyo. Alizikwa na kwaya. Nilikwenda mazishini kuhakikisha tu.

Nyuki wa Masaaba gani? Wetu walikufa kwenye matope na baridi, au walihama na njaa. Walioingia barazani kwa afande walikuwa nyuki wa Jinja, na wangeingia hata kwa padre kama angeacha asali wazi. Mafabi alilijua hilo. Kifuniko cha sufuria kilitosha. Lakini mtu anayeogopa uchawi wa kikongwe hasikii anapoambiwa afunike sufuria, hasa akiambiwa na kijana ambaye yeye afande ameshaamua kumwadhibu.

Onyo lilitimia, sawa. Nalichukia kutimia kwake. Watu husimulia maonyo ya mabibi kama vile kutimia ni ushindi. Hawaulizi limetimia juu ya nani.

Kukhu aliishi miaka mingi baadaye, bila mzinga hata mmoja. Wakati mwingine akimenya ndizi alisimamisha kisu, akatazama mbele, nami nilijua anajiuliza nini: angelitamka lile jina mapema, mwanawe angerudi? Hakuniuliza, na mimi nilikuwa mtoto, sikuwa na jibu. Sasa nimemzidi umri aliokuwa nao siku ile, na jibu ninalo. Hapana. Angemtaja, wangemchukua Mafabi abebe madebe. Hata kama nyuki wasingekuja, wangemwona amepika ugali mbichi, au ametazama vibaya, au amecheka, maana alipenda kucheka. Waliokuja na bunduki kuchukua chakula cha nyuki hawakukosa sababu, waliokota yoyote iliyokuwa njiani.

Kukhu hakumuua mwanawe kwa mdomo wake. Waliomuua ni watu, mchana, wakiwa wameshiba asali yetu.