Herufi Nene za Shangazi

Mimi ni mchora mabango wa Kahama, na napenda aina moja tu ya herufi: zile nene, ndefu, zilizobanana mabega kama watu waliokaa benchi moja. Nyembamba zenye mikia waachieni wenye kadi za harusi. Vumbi letu jekundu linazimeza wiki haijaisha, wakati nene dereva wa basi bado anazisoma kwa mbali.

Shangazi yangu alipohama Kambarage, mbele ya kwetu Kahama, kwenda kufungua mgahawa Kharumwa, aliniita nimchoree kibao. Kitanda chake alikiacha kwa mwanawe. "Mgahawa ukigoma, nitarudi kukilalia," alisema akicheka, lakini nilimjua. Kuishi kwa mwanawe na mkwewe kama mgeni kulimchosha, hakutaka kurudi. Huko Kharumwa alilala kwenye mkeka, nyuma ya jiko.

Ubao wenyewe ulikuwa mwembamba, masalia ya mlango, naye alitaka yote yaingie: WALI, NYAMA, MAHARAGE, KARIBUNI. Yakaingia bila kusukumana. Hizo ndizo herufi zangu!

"Rangi gani?" nikauliza.

"Nyekundu! Ionekane mpaka kwenye maduara."

Huko kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, ndiko waliko wateja aliowategemea. Nikapaka nyekundu juu ya nyeupe, nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya kufungua, wali ulinukia mtaa mzima. Wachimbaji wakatokea kwenye kona, wakaona kibao, wakasimama. Wakanong'onezana, kisha wakageuka! Shangazi akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Jamani, mbona mnanikimbia?"

Mmoja akajibu kwa heshima zote, akiwa hukohuko mbali: "Shikamoo, mama. Tulidhani pamefungwa."

Loo! Kwenye maduara, herufi nene nyekundu juu ya ubao mweupe zina kazi moja: HATARI, USIINGIE. Mchimbaji huzitii kwanza, kusoma baadaye. Ndiyo maana yuko hai.

"Bhebhe!" Shangazi alipokasirika, Kisukuma kilitangulia. "Wewe ndiye umenifungia mlango!" Machozi yakamlengalenga, nami roho ikaniuma.

"Herufi hazina kosa, Shangazi. Ni rangi."

Akataka nifute zote, nimchoree mikia na mauaridi. Nikakataa katakata. Yeye akapalia makaa juu ya mfuniko wali usipoe, mimi nikachukua kopo la kijani, nikapita juu ya kila herufi huku akinisimamia kama askari.

Rangi haijakauka, yule wa shikamoo akarudi kuchungulia. Akala, akalamba vidole, akaenda kuwaita wenzake. Mchana ule benchi zilijaa, watu wamebanana mabega kama herufi zangu, na Shangazi akawa anawatania mmoja mmoja kwa woga wao.

Jioni tulikwangua ukoko pamoja, maana hakuna kingine kilichobaki.

"Kesho basi likifika Kahama, usishuke," akaniambia mdomo umejaa. "Nenda moja kwa moja Kambarage, ukaniletee kitanda changu."