Ubao wa Ezra katika ukuta wa Bunge Dogo

Saa moja asubuhi, Kornelio Magige, mwenye miaka 63, amesimama ndani ya ukumbi uliojaa vumbi, patasi mkono wa kushoto, nyundo wa kulia. Anadonoa ukuta wa zege ili lipu ishike. Ukuta huo alishiriki kuujenga.

Ukumbi huu wa mikutano ya madiwani, njia ya kwenda Nyamwaga, wenyeji wanauita Bunge Dogo. Ulijengwa mwaka 1984. Mchora ramani aliupanga mviringo, viti vikizunguka kama watu wanavyokaa kwenye ritongo, mkutano wa jadi wa Wakurya, asiwepo wa kumpa mwenzake mgongo. Kuta akataka zibaki zege tupu.

"Kila mwenyekiti akiingia anauliza, hili jengo litamalizwa lini?" anasema Kornelio. "Lilishamalizwa. Ndivyo lilivyo."

Safari hii fedha ya lipu imepatikana. Naye mahindi yake yamekauka shambani. Kazi ya shilingi 12,000 kwa siku hakuweza kuikataa.

Enzi hizo yeye na kaka yake, Ezra, walikuwa maseremala. Walipigilia mbao za kushikilia zege. Zilipobanduliwa, ukuta ukabaki na mistari ya mbao, hata vifundo vyake. Nyuma ya kiti cha mwenyekiti, alama ya ubao mmoja imekaa mshazari. Huo aliupigilia Ezra.

"Nikamwambia, kaka, umepinda. Akacheka. 'Acha, madiwani watatazama posho, siyo ukuta.'"

Mwaka uliofuata Ezra alivuka Sirari kutafuta kazi Kenya. Hakurudi. Hakuacha mtoto, kaburi wala picha. Mama yao, Robi, alikuwa anakuja siku zisizo na kikao, anaugusa ule mstari, anaondoka. Mpaka alipofariki.

Kornelio alianzia kudonoa mlangoni, akazunguka. Leo, siku ya nane, zimebaki hatua tatu, na alama ya Ezra imo humo.

Msimamizi wa kazi, Zablon, anaingia.

"Shikamoo mzee. Bado tu? Unaudonoa au unaubembeleza?"

"Marahaba. Mwanangu, niachieni hapa. Upana wa ubao mmoja tu."

"Waseme saruji imeniishia?" Mafundi wanacheka. "Kesho mchana lipu inapita hapo. Usipomaliza, nampa Deus."

Deus ni kijana mwenye nguvu. Kwake ukuta huo ni kazi ya nusu saa.

Kornelio anafuta patasi kwenye suruali. Amesharudia ombi hilo mara tatu. Halirudii tena.

"Kesho nitawahi kabla ya Deus," anasema. "Nitaupiga mwenyewe. Angalau aufute mtu aliyemjua Ezra."