Siku Tuliyozindua Chama cha Wenye Boti

Watu wakisikia kwamba Singida kulikuwa na chama cha wenye boti, kwanza wanacheka. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilicheka, tena jikoni, mwiko mkononi, siku mume wangu alipokuja kuniambia kwamba baba yake ameteremsha boti kutoka kwenye lori kando ya ziwa Singidani na sasa anatafuta wenzake waanzishe chama. Sisi ni watu wa alizeti, uwele na mbuzi. Mimi nimezaliwa Mtinko, na ziwa kwangu lilikuwa kitu cha kutazama dirishani basi likipita. Maji yenyewe ya chumvi, hata ng'ombe hawayataki.

Baba mkwe alikuwa nahodha mstaafu. Aliendesha meli Mwanza tangu mume wangu akiwa mtoto, na aliporudi nyumbani alirudi na boti ya injini yenye chumba ndani: vitanda viwili, jiko la gesi, mapazia, na mbele kabisa kiti cha usukani kilichovikwa ngozi nyekundu. Mfanyabiashara mmoja mwenye mashine za kukamua alizeti alipoiona hakulala usingizi mpaka naye akaleta yake, kubwa zaidi. Daktari wa mifugo aliyestaafu akafuata na ndogo iliyopakwa rangi upya. Basi, boti tatu, chama kikawa chama. Mwenyekiti baba mkwe, katibu mume wangu, na mpishi, bila kuulizwa, mimi, kwa sababu nina mgahawa karibu na stendi.

Mjini walitutania sana. Walisema ukianza safari na kikombe cha chai unafika ng'ambo chai haijapoa. Ilikuwa kweli. Lakini wazee wale walikuwa wanafurahi, na nakiri kulikuwa na raha yake kuwaona Jumapili baada ya ibada wamevaa kofia nyeupe, wanazungumzia mafuta na mapangaboi kama watu waliozaliwa majini.

Baba mkwe aliweka kanuni kali. Hakuna boti kutoka peke yake. Zote ziende kwa mfuatano, zikaribiane. Inayotangulia ipige honi njiani, mara kwa mara, hata kama mbele hakuna kitu. Yeye alipenda kukaa katikati. Mfanyabiashara aliguna kwamba honi zinawafukuza heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, na mimi nikadhani ni maringo tu ya watu waliozoea meli.

Kilichoninyima raha tangu mwanzo ni maji. Miaka hiyo ziwa lilikuwa linapanda. Lilianza kula mashamba ya pembeni, likaja kwenye nyua, likaingia kwenye nyumba za watu tuliowafahamu. Ukisimama pale tulipokuwa tunapakia boti unaona migunga iliyokufa imesimama majini, na nyuma yake ukuta wa nyumba umebaki na dirisha moja, mawimbi yanaingia na kutoka. Wenye nyumba walihama, wengine wakaenda kwa ndugu zao Mgori. Wenye boti walikuwa wanashangilia. Kila mvua ikinyesha, mfanyabiashara alisugua mikono na kusema barabara yetu inapanuliwa. Sikuipenda furaha ile. Niliona haifai kufurahia maji yanayolala kwenye vitanda vya watu.

Halafu yapo mawe. Anayeifahamu Singida anayafahamu mawe yake, makubwa, yamelundikana mpaka ndani ya ziwa. Zamani yalionekana yote, ndege wamekaa juu. Maji yalipopanda mengi yalizama, si chini sana, chini kidogo tu, kiasi cha kutoonekana. Daktari wa mifugo alifunga madumu ya njano juu ya kila jiwe alilolifahamu, yaelee, yawe alama. Kutoka ufukweni mpaka maji ya wazi ilibidi upite katikati ya madumu hayo, mkono huu moja, mkono ule jingine.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu familia yetu, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Namwamkia shikamoo nikiwa nimepiga goti mbali kidogo, anaitikia marahaba bila kunikazia macho. Simpi mkono. Simkatizi neno. Sikai kwenye kiti chake. Na yeye kafungwa vilevile: hanigusi, hanifokei, akiwa na la kuniambia analipitisha kwa mama mkwe, na kiti ambacho mkwe amekikalia yeye hakikalii tena. Nimeishi hivyo tangu niolewe na sikuwahi kuona ni mzigo. Ilikuwa inanilinda.

Kwa hiyo nilimfahamu baba mkwe kwa sahani. Nilikuwa naweka chakula, narudi nyuma, na baadaye natoa vyombo. Kila Jumapili nilipika kuku wa kienyeji, na firigisi, kama kawaida, niliiweka kwenye sahani ya mzee. Wakati wa masika firigisi ikaanza kurudi.

Mara ya kwanza niliona haya. Firigisi ikirudi jikoni haijaguswa, mwanamke anajua ana kesi. Mama mkwe naye aliiona, akanivuta pembeni.

"Umemkosea nini baba yako?"

"Sijamkosea kitu, mama."

"Mtu haachi haki yake hivihivi. Jiulize."

Nikajiuliza wiki nzima. Jumapili iliyofuata ikarudi tena, imekaa palepale upande wa kushoto wa sahani, na ugali wa upande ule pia haujaguswa, umekatwa katikati kama kwa kisu. Upande wa kulia sahani ilikuwa safi. Nilisimama na ile sahani mkononi. Nilikumbuka alivyokuwa anauliza maji ya kunawa yako wapi, na bakuli lipo pale pale kushoto kwake, nami nikidhani ananisema kwa kuchelewa.

Safari nyingine niliihamisha firigisi nikaiweka kulia. Akaila. Mama mkwe akatabasamu, akasema nimesamehewa.

Baada ya hapo kila kitu kilinitisha. Nilimwona anavyopanda boti huku mkono unatambaa kwenye chuma. Nilimwona anavyogeuza kichwa chote kumtazama mtu. Na upande wa kulia nao haukuwa mzima, kwa sababu jioni moja binti yetu alimpungia mkono akiwa mbele yake kabisa, na babu hakupunga. Wiki ileile boti yake ilikwaruza jiwe wakati wa kurudi. Tulisikia mlio wake mpaka ufukweni tulikokuwa tunapika, mlio mrefu wa kitu kinachochunwa. Wote walilaumu maji. Dumu lilikuwa linaelea juu ya jiwe lile, njano, jipya.

Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo. Alikuwa anakunja karatasi za mwaliko wa uzinduzi, hakuinua kichwa.

"Baba ameendesha meli za watu maisha yake yote."

"Haoni."

"Anavaa miwani."

"Baba watoto, mzee haoni. Namaanisha haoni."

"Sasa unataka nikamwambie nini? Wewe unaweza kumwambia mzazi wako hivyo?"

Nilikwenda kwa mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akitaka jambo liishie hapo, kwamba macho ya mume wake ni ya kwake yeye kuyatunza. Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka kichwa kinauma. Nilijaribu kumtetea mzee moyoni. Nilijiambia labda hajui, kwamba macho yanaondoka kidogokidogo na mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua.

Kisha ukaja mpango wa uzinduzi. Alikuwa amealikwa mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa serikali, pamoja na kwaya na wazee wa mtaa. Ikapangwa kwamba baada ya hotuba boti ya mwenyekiti itangulie, zile mbili zifuate na wageni. Na ndani ya boti ya mwenyekiti wapande wajukuu, wavae vizuri, wapunge bendera. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, aliambiwa atakaa mbele. Alilala na ile bendera.

Nilimwambia mume wangu mtoto hapandi. Akasema mjukuu wa mwenyekiti asipopanda, watu watauliza, na tutajibu nini? Nikasema tutajibu ukweli. Akasema polepole kwamba nikimwaibisha baba yake mbele ya watu, yeye hatakuwa na mahali pa kuniweka. Nilimpenda mume wangu na nikamchukia kwa pamoja, na sikupata usingizi.

Siku yenyewe upepo ulianza mapema. Singida tumezoea upepo, lakini ule ulikuwa unasukuma maji kuja kwetu, yakawa ya kahawia, yenye povu. Madumu yalikuwa yanazama na kuibuka, mawili yalikuwa yamekatika kamba na kutupwa ufukweni. Daktari wa mifugo aliyatazama, akasema tungesubiri. Mfanyabiashara akasema mgeni rasmi hasubirishwi. Hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, kwaya ikaimba. Watoto wakavalishwa majaketi ya kuokolea, makubwa kuliko wao, wakapandishwa. Baba mkwe alikuwa bado anapeana mikono na wageni, amevaa kofia yake nyeupe, mzuri wa kutazama. Hakuna boti mbele yake safari hii. Hakuna honi ya kufuata.

Sikupanga. Niliweka chini sinia la kuku, nikapita kwenye ubao wa kupandia, nikaingia kwenye boti na nguo zangu za jikoni. Nikaenda mbele, nikakaa kwenye kiti cha usukani.

Ngozi yake ilikuwa ya moto kwa jua. Nilisikia kwaya ikilegea, sauti moja baada ya nyingine. Mume wangu akaniita kutoka ufukweni, akaniita kwa jina langu la ubatizo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele za watu. Sikugeuka. Nilijua jambo moja: hakuna mwanamume wa familia ile atakayeniinua kwenye kiti kile mbele ya mzee, na mzee mwenyewe hawezi kukikalia tena. Boti haitatoka.

Akaja. Nilimsikia kwenye ubao, kisha kwenye sakafu, mkono unatambaa. Alisimama mbele yangu, hatua moja. Ilikuwa saa sita mchana, nimevaa kitenge cha rangi ya machungwa, na alikuwa ananitazama usoni. Alinyoosha mkono kushika mgongo wa kiti. Ukagusa bega langu.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayebisha hodi. Na ufukwe wote ukasikia, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa anaimba. Nilitaka maji yanimeze. Nilitaka kumwokoa mwanangu, sikutaka mzee yule avuliwe nguo namna ile mbele ya watu wake.

"Ni mama, babu," binti yangu alisema, akaja akamshika mkono.

Baba mkwe aliurudisha ule mkono mwingine haraka, kama ameungua. Kisha akainama kidogo upande wangu na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akasema nami moja kwa moja, kwa sauti ya chini, ya sisi wawili.

"Ulijua lini?"

"Masika, baba. Nisamehe. Nilidhani wewe mwenyewe hujui."

"Mimi nilijua Mwanza," alisema. "Ndiyo sababu nikaacha meli. Sikuweza kuwabeba watu wa watu."

Upepo ulisukuma boti ikagonga ubao. Nyuma yetu wajukuu wake walikuwa bado wanapunga bendera.

"Nilitaka tu mara moja tena niwe mbele," alisema.

Nilisahau adabu yote niliyofundishwa. Nilimwambia binti yangu aje kwangu. Nilimwambia tena, kwa sauti ya kufoka, kwa sababu babu yake alikuwa hajamwachia mkono.