Mama Gladness na Baridi ya Dar es Salaam

Tereza Mayala, ambaye hapa Mabatini, huku kanda ya ziwa, tunamwita Mama Gladness, anafuma masweta ya shule, na mimi nashona magauni. Vibanda vyetu vimetenganishwa na pazia tu, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikiliza mashine yake na mdomo wake vikienda pamoja. Ni mtu mwema. Ni mbishi pia, na ubishi wake mkubwa ni juu ya baridi. Kwa Mama Gladness hakuna ugonjwa usioanzia kifuani, na hakuna kifua kisichohitaji sweta. Mteja akija kununua moja huondoka na mawili, na hilo la pili amelikubali ili tu aruhusiwe kwenda zake.

Mwaka jana, mwezi wa saba, binti yake Gladness alijifungua mtoto wa kiume huko Dar es Salaam. Mjukuu wa kwanza. Kwetu bibi huenda kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, wala hangoji kuombwa. Lakini Gladness alipiga simu akasema, "Mama, njoo tu utusalimie, hata wiki moja. Mambo mengine Pius ananisaidia." Pius ni mumewe.

Mama Gladness alijibu kwamba hana neno, akakata simu, akafuma sweta lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Hapo nikajua ameumia. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, binti yake amhitaji, na sasa ameitwa kusalimia kama jirani.

Basi akaamua kwenda na kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kukipeleka. Alifuma masweta sita ya mtoto mchanga, kofia nne, na soksi ambazo sikuzihesabu. Nikamwambia Dar kuna joto. Niliishi Tandika miaka miwili, najua ninachosema. Nikamshonea na gauni jepesi la pamba, nikamwambia asafiri nalo na avae hilo tu.

Yeye akaweka kiganja juu ya chuma cha mashine yake, kama anavyofanya kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Chuma kikiwa cha baridi, basi kwa hesabu zake nchi nzima ni baridi.

"Mama Obedi, chuma hakidanganyi," akaniambia. "Mwezi wa saba ni mwezi wa saba, na Dar iko Tanzania hii hii."

Mtu anayepima hali ya hewa ya bahari kwa chuma cha Mabatini utabishana naye vipi?

Nilimsindikiza stendi ya Nyegezi alfajiri. Gauni langu alilivaa kweli, ila juu yake kulikuwa na kitenge, juu ya kitenge sweta zito la kahawia alilofuma mwenyewe, na kichwani kitambaa cha uzi kilichofunika masikio. Mengine alinisimulia aliporudi, na kwa kuwa hayamsifu, nayaamini. Kufika Morogoro jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Hakuvua. Angevuaje, wakati tangu Shinyanga alikuwa akimhubiria abiria wa pembeni habari za nimonia?

Alifika kwa Gladness usiku. Kesho yake asubuhi akamvika mtoto sweta, kofia na soksi, akamfunga na shali juu. Gladness alitazama tu. Kufika mchana mtoto alikuwa analia bila kupumzika, ziwa halitaki, uso umekuwa mwekundu. Gladness akamchukua, akamvua kimoja kimoja. Shingo na kifua vilikuwa vimejaa vipele vya joto.

Gladness hakumgombeza mama yake. Alikunja sweta vizuri, akaliweka juu ya kabati, akaanza kumpepea mtoto kwa kipande cha boksi. Mama Gladness aliniambia kwamba bora angetukanwa. Siku ile hakumgusa tena mjukuu wake.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akavaa vyote alivyokuja navyo, sweta likiwemo, akafunga begi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Gladness akatoka chumbani na mtoto mkononi.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nimeshasalimia. Si ulisema nije kusalimia?"

Gladness alilisogeza begi kando. Kisha akasema, "Nilisema vile kwa sababu nilitaka ukija unikute naweza."

"Nimekukuta unaweza. Jana nimeona."

"Siwezi, mama. Tangu tutoke hospitali sijamwogesha. Nampangusa tu kwa kitambaa. Ile shingo naiogopa, na Pius anaiogopa kuliko mimi." Akamsogeza mtoto mbele. "Vua hilo sweta, uniogeshee mtoto."

Akalivua. Anasema lilikuwa limemganda kwa jasho hata kwapani, na alilitupa sakafuni bila kulikunja, jambo ambalo mimi sijawahi kumwona akilifanya. Gladness akaleta beseni. Mama Gladness akaingiza kiwiko kupima maji, akamlaza mjukuu kwenye mkono wa kushoto, shingo ikatulia juu ya kiganja chake, na kwa mkono wa kulia akaanza kummiminia maji taratibu. Mtoto akafumbua macho.

Gladness alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. Hakuondoa macho kwenye mikono ya mama yake mpaka mtoto akafutwa maji na kuvikwa kifulana chepesi. Kisha akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Na kesho," akasema, "unioneshe tena."