Usumba Ukutani

Chumba chetu cha uani pale Mabawa kilikuwa cha mabati, na mchana hakikukalika kwa joto. Tulipobandua mabati yaliyooza ili tuweke mapya, mke wangu akamzuia fundi.

"Subiri kwanza, tujaze usumba uzuie joto."

Kwao Pangani nyuzi hizo za makumbi ya nazi hutupwa tu. Tukaleta magunia sita, tukazishindilia kati ya mbao za ukuta huku tukipiga chafya na kucheka, mpaka fundi naye akacheka. Kisha akapigilia mabati.

Kesho yake mama mkwe akaingia humo baada ya swala ya adhuhuri. Tulipochungulia, tukamkuta anakoroma. Tukakumbatiana, tukarukaruka uani kama watoto wa chekechea.