Namba ya Mgeni

Kaka yangu alikuwa na kompyuta kuukuu, kauziwa na mzungu aliyekuwa anafunga mradi arudi kwao. Akaiunganisha na tivii yetu ndogo, tukajifunza wenyewe kwa kubonyeza na kukosea. Hesabu zake sasa! Unaweka tano, juu yake unaweka mbili, kama sahani zilizopangwa, ndipo unaandika alama ya kujumlisha. Alama inaokota namba mbili zilizo juu kabisa, inaacha saba. Za chini haizigusi. Ukiipa namba moja tu, inagoma.

Mama naye alijifunza, ila kitu kimoja kilimkera: jibu likishatolewa, rundo la namba linabaki tupu. Kwetu Ruhuwiko ugali hauliwi ukaisha. Tonge la mgeni linafunikwa pembeni, hata kama hakuna anayetegemewa.

Kaka alitaka kukitumia chumba chetu cha mbele kufundishia kompyuta. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alitaka kumpangisha muuza mitumba chumba hicho, maana biashara huria ilikuwa imeruhusiwa na kila mtu anatafuta fremu ya duka. Akasema atakuja aione hiyo mashine kwanza, ndipo aamue.

Akaja. Nikamwamkia shikamoo huku nimenuna. Kaka akajumlisha, akazidisha, yote sawa. Mwisho akataka kumwonyesha mzee kwamba mashine haibahatishi, ukiipa namba moja inakataa. Akaweka tano peke yake, akajumlisha.

Ikatoa kumi na nne.

Mzee akavua miwani. "Bwana mdogo, hiyo tano imejumlishwa na nini? Na majini?"

Nikasimama. Nikamwambia kama chumba hatupi aseme tu, asimfanye kaka yangu mganga wa kienyeji mbele ya mama yake. Kaka akanivuta shati nikae. Macho yake yako kwenye tivii.

"Kulikuwa na tisa chini," akasema polepole. "Nani kaweka tisa?"

Mama akatokea jikoni anajifuta mikono. "Mimi, asubuhi. Ya mgeni."

Mzee akamtazama mama, akatazama tivii, akauliza kama na ugali wa mgeni nao upo. Mama akajibu upo, umefunikwa. Mimi ndiye niliyemnawisha, bado nimevimba. Alipomaliza kula akamwomba kaka airudishe ile tisa, akaweka tano juu yake, akajumlisha mwenyewe kwa kidole kimoja, akacheka mpaka akakohoa.

"Chumba kaa nacho," akamwambia kaka. "Ila namba ya mama yako usiifute."

Wanafunzi walipokuja, wajuaji wawili watatu walisema ile tisa ni kosa. Ni kosa kweli, najua. Lakini aliyeigusa alitoka nje na mimi tukazichapa.